Winchi ya nanga ikigoma: anzia kwenye betri, mota iwe ya mwisho

Yoti moja ya mita 12 iliingia Tanga ikitokea Mayotte, ikatia nanga mbele ya Raskazone. Siku ya tatu mwenyewe akataka kuhama. Akabonyeza kitufe cha kupandisha, mota ikaguna, mnyororo ukapanda kama mita moja, kisha kimya. Majirani zake wa majini wakamwambia mota imeungua. Akaagiza nyingine Ulaya, akalipa bei, nauli ya ndege na ushuru, akangoja majuma sita huku nanga akiivuta kwa mikono. Mota mpya ilipofungwa, ikaguna vilevile.

Ndipo nilipoitwa. Nilipopima, betri ilikuwa na volti 12.1 winchi ikiwa kazini, lakini kwenye mota zilikuwa zinafika volti 8.2 tu. Volti 0.9 zilipotea upande wa chanya, na volti 3 kamili zilipotea kwenye ungio moja la waya hasi, nyuma ya kabati karibu na mlingoti, mahali ambapo pengine hapakuwa pamefunguliwa tangu boti iundwe. Plastiki ya ungio ilikuwa imeyeyuka. Nilikata, nikasafisha, nikaunga upya, winchi ikavuta. Mota ya zamani ilikuwa nzima muda wote.

Kisa cha namna hii nimekutana nacho mara nyingi, kila mara kwa sura yake. Winchi nyingi zinazoitwa mbovu zina njaa ya umeme. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe: betri kwanza, halafu njia ya umeme kuelekea omo (mbele ya chombo), halafu swichi na solenoidi (swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme), na mota iwe ya mwisho kufunguliwa.

Kabla ya kushika spana

Mashine yenyewe ni rahisi. Kamusi za zamani huiita duara, sisi mafundi tunasema winchi. Kuna mota ya umeme wa betri, mara nyingi ya volti 12, yenye nguvu ya kati ya wati 700 na 1500 kwa yoti za kawaida. Mota inazungusha gia, gia zinazungusha gurudumu la mnyororo, lile lenye vishimo vinavyoshika pete moja moja. Kati ya gia na gurudumu kuna klachi, koni mbili zinazobanana unapokaza kwa mkono wa winchi. Kwenye umeme kuna njia mbili, na ukizichanganya kichwani utahangaika. Njia nene ndiyo inayobeba mzigo: betri, sakiti breka (swichi inayojizima mkondo ukizidi, nitaiita breka tu), nyaya nene, solenoidi, mota. Njia nyembamba ndiyo inayotoa amri: fyuzi ndogo ya ampea 3 hadi 5, kitufe cha mguu au rimoti, na koili ya solenoidi. Kitufe unachokikanyaga hakipeleki umeme kwenye mota. Kinaiambia solenoidi ifunge, yaani iunganishe njia, na solenoidi ndiyo inayoupitisha.

Mota ya wati 1000 kwa volti 12 inakula zaidi ya ampea 80 ikiwa na mzigo wake wa kawaida, na nanga ikikwama inaweza kula mara mbili ya hapo. Mkondo mkubwa hivyo hausamehi ungio bovu. Omu 0.03, kiasi ambacho mita ya kawaida haiwezi hata kukionyesha vizuri, kwa ampea 90 kinakula volti 2.7 na kugeuka joto la wati zaidi ya 240 mahali pamoja. Ndiyo maana ile plastiki iliyeyuka.

Usalama sasa, na hapa naomba usiruke mstari hata mmoja. Usiuache uzito wa boti uning'inie kwenye winchi unapoifungua. Funga kamba ya nailoni kwenye mnyororo kwa ndoano yake, uipeleke kwenye nguzo ya omo, ulegeze mnyororo mpaka kamba ndiyo inayobeba. Zima breka kila unapotia mkono karibu na gurudumu, kwa sababu swichi iliyoingia maji inaweza kuwasha winchi bila wewe kuigusa. Vua pete na saa. Spana ikigusa chanya na hasi kwa pamoja inageuka nyekundu mkononi. Kikoi, kanzu, kamba ya kofia, nywele ndefu: vyote vikae mbali. Gurudumu la mnyororo halijui tofauti ya pete ya chuma na kidole.

Vifaa si vingi. Mita ya kawaida ya kupima volti inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Ukipata mita ya koleo inayobana waya na kusoma ampea, hakikisha inasoma umeme wa betri. Nyingi za bei rahisi zinasoma umeme wa nyumbani tu na hapa hazina msaada. Ongeza spana, bisibisi, brashi ya waya, msasa laini, taa ya kichwani, na nyaya za kuazimia moto zilizo nene kwelikweli. Na uwe na mtu wa pili wa kubonyeza kitufe wakati wewe unasoma mita. Kazi hii peke yako ni mateso.

Hatua ya 1: Sikiliza

Washa injini ili altaneta isaidie betri, kisha mwambie mwenzako abonyeze kitufe mara moja, wewe ukiwa karibu na kisanduku cha solenoidi. Mara nyingi kisanduku hiki kiko kwenye kabati la mbele au chini ya kitanda cha omo.

Kimya kabisa, hata mlio mdogo wa "tak" hakuna: tatizo liko kwenye njia nyembamba, au breka imezima. Nenda hatua ya 2, kisha ruka hadi ya 5.

"Tak" inasikika lakini mota haizunguki, au inaguna: njia nene. Fuata hatua zote kwa mpangilio.

"Tak-tak-tak-tak" ya haraka kama cherehani: volti zinaanguka. Solenoidi inafunga, mzigo unaingia, volti zinashuka, solenoidi inaachia, volti zinarudi, inafunga tena. Acha kubonyeza upesi, kwa maana cheche zinazoruka ndani wakati huo zinaweza kugandisha vikanyagio vya solenoidi (vipande vya shaba vinavyogusana ili umeme upite), na baada ya hapo una winchi isiyozimika.

Mota inazunguka kwa sauti yake ya kawaida lakini mnyororo hauendi: umeme hauna kosa. Nenda hatua ya 7.

Kuna jambo moja la mota za umeme wa betri litakalokuokolea saa nyingi. Mwendo wa mota unafuata volti. Mkondo unafuata mzigo. Winchi inayokwenda polepole bila breka kuruka, shuku volti zinazopotea njiani. Winchi inayoanza kwa nguvu kisha breka inaruka, shuku mzigo: nanga imekamata mwamba, mnyororo umebanwa, gia zimekauka, au mtu anaivuta boti kwa winchi badala ya injini.

Hatua ya 2: Breka

Itafute, hata kama mwenye boti anaapa kwamba iko sawa. Mara kadhaa nimeitwa, nimepanda ngalawa hadi kwenye yoti, nikakuta breka imejizima chini ya godoro na hakuna aliyejua kwamba ipo. Irudishe. Ikiruka tena bila mzigo wowote, kuna shoti: acha kuirudisha, tafuta waya uliochubuka, hasa pale unapopita ukuta wa mbao au fiberi.

Usibadilishe breka kwa kubwa zaidi ili isiruke. Breka ya ampea 80 ikiruka mara kwa mara ndiyo inayokuambia kuna tatizo, na ukiweka ya 150 waya ndio utakaogeuka fyuzi. Waya huo unapita nyuma ya vitanda vya watu waliolala.

Hatua ya 3: Betri, ikiwa kazini

Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika inaonyesha karibu volti 12.7, kwa 12.2 iko nusu. Lakini namba ya betri iliyopumzika haina uzito hapa. Betri iliyozeeka inaweza kuonyesha 12.6 asubuhi na kuanguka hadi 9 mara tu winchi inapouma. Pima kwenye vichwa vyenyewe vya betri, vile vya risasi, huku mwenzako akipandisha mnyororo wenye mzigo. Ikibaki juu ya 11.5 na injini imezimwa, naiamini. Ikishuka chini ya 11, sigusi kitu kingine mpaka betri ichajiwe vizuri na kupimwa tena.

Boti nyingine zina betri ya winchi huko huko mbele, ili nyaya nene ziwe fupi. Ni wazo zuri, ila betri hiyo huchajiwa kupitia waya mrefu na mwembamba kutoka nyuma, kwa hiyo mara nyingi haijai. Na kwa wenye betri za lithiamu: volti hazitakuambia kitu, maana zinabaki karibu na 13.2 kwa sehemu kubwa ya chaji. Angalia kidhibiti cha ndani kinaruhusu ampea ngapi. Kikiwa cha ampea 100 na winchi ikavuta 130, kidhibiti kinakata, na boti nzima inazimika, taa na redio pamoja.

Hatua ya 4: Volti zinazopotea njiani

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Watu hupima volti kwenye mota bila mzigo, wanaona 12.5, wanasema "umeme unafika". Unafika, kwa sababu hakuna anayeuchukua. Ni kama bomba lililoziba kwa kutu: ukifungulia matone, presha inaonekana nzuri, fungulia maji mengi, yanakatika.

Fanya hivi boti ikiwa kwenye nanga, mahali penye kina cha kutosha, mnyororo ukining'inia. Mnyororo wa milimita 10 una karibu kilo 2.3 kwa mita, kwa hiyo mita 15 zinazoning'inia pamoja na nanga ya kilo 20 ni mzigo wa kutosha kwa kipimo.

Weka mita kwenye volti za betri. Ncha moja ya mita iguse kichwa cha chanya cha betri, ncha ya pili iguse bolti ya chanya ya mota. Utahitaji waya mrefu mwembamba wa kuunganishia ncha hiyo. Waya wowote wa taa unafaa, kwa sababu mita haichukui mkondo. Mwenzako abonyeze kupandisha kwa sekunde tano. Namba unayoiona ndiyo volti zilizopotea upande wa chanya. Rudia upande wa hasi: kichwa cha hasi cha betri hadi bolti ya hasi ya mota. Watu husahau upande wa hasi kabisa, kana kwamba umeme unakwenda tu bila kurudi.

Namba gani ni nzuri? Hesabu waya wako. Kutoka betri ya katikati hadi omo mita 10, kwenda na kurudi mita 20. Kwa waya wa shaba wa milimita mraba 35, hiyo ni karibu omu 0.01, yaani kwa ampea 100 utapoteza volti 1 kwa jumla. Kwa waya wa 50 utapoteza 0.7, kwa waya wa 25 utapoteza 1.4. Ukipata karibu na hapo, maungio yako ni mazima, na kama bado ni nyingi mno basi waya wenyewe ni mwembamba. Ukipata volti 2 au 3 mahali ambapo hesabu inasema 1, kuna ungio linaloungua. Mimi sikubali mota ipate chini ya volti 10.5 ikiwa kazini.

Sasa lifuatilie ungio lenyewe. Ncha moja iache kwenye betri, ya pili isogeze mbele kituo kwa kituo: upande wa pili wa breka, kila ungio njiani, solenoidi inapoingia, solenoidi inapotoka, mota. Namba itapanda kidogo kidogo, halafu mahali fulani itaruka. Hapo ndipo penye ugonjwa. Kwa breka au solenoidi, kupoteza 0.1 au 0.2 navumilia, ikifika 0.5, kifaa hicho kimekwisha. Mkono pia ni kipimo: baada ya kuvuta dakika moja, ungio la moto kuliko mengine ndilo unalolitafuta. Liguse kwa uangalifu, linaweza kukuunguza.

Ukishalipata, kukaza nati peke yake hakutoshi. Zima, fungua, safisha pande zote mbili kwa brashi ya waya mpaka shaba ing'ae. Kisha tazama waya wenyewe mahali unapoingia kwenye kichwa chake cha shaba. Chumvi ya huku kwetu, hasa miezi ya Kusi ambapo omo inapigwa na maji mfululizo, hupanda ndani ya waya chini ya plastiki. Chuna kidogo: ukikuta nyuzi nyeusi au kijani, kata nyuma sentimita tano, chuna tena, kata tena, mpaka ufikie shaba safi. Bana kichwa kipya kwa koleo kubwa la kubania, si kwa nyundo. Funika kwa mpira wa joto (unaonywea ukipashwa moto) wenye gundi ndani, na upake vaselini juu ya nati baada ya kukaza, wala si kabla.

Kuhusu waya wa kubadilisha: mafundi wengi tunakimbilia waya wa mashine ya kuchomea vyuma, kwa sababu unapatikana kila mji na ni laini kupinda. Kwa kukuvusha safari, unafaa. Lakini shaba yake ni tupu, na kwenye chumba cha mnyororo huanza kuwa nyeusi mapema. Waya wa baharini una nyuzi zilizopakwa bati, rangi yake ya fedha. Ukiweza kuupata, lipia.

Hatua ya 5: Kitufe na njia nyembamba

Kama solenoidi haisemi "tak", anza na ile fyuzi ndogo. Kisha tazama funiko la mpira la kitufe cha mguu. Jua linalipasua, maji yanaingia, na ndani unakuta unga wa kijani. Pima kwenye waya mwembamba wa solenoidi huku kitufe kimebonyezwa. Volti 12 zikifika na solenoidi iko kimya, solenoidi ndiyo mbovu. Zisipofika, rudi nyuma hadi kwenye kitufe na soketi ya rimoti. Rimoti ya waya huchoka kwenye pini za soketi. Isiyo na waya, badilisha betri yake kwanza kabla ya kufikiria mengine.

Kama hujui kosa ni la kitufe au la, chukua kipande cha waya mwembamba, gusa kwa sekunde moja kutoka chanya hadi kwenye kichwa kidogo cha solenoidi. Winchi ikizunguka, kitufe ndicho chenye kosa. Kabla ya kugusa hakikisha hakuna mtu mbele.

Hatua ya 6: Solenoidi, na winchi isiyozimika

Inapandisha lakini haishushi, au kinyume chake? Ndani ya kisanduku kuna koili mbili, moja kwa kila upande. Badilishana zile nyaya mbili nyembamba za amri. Kama tatizo limehamia upande wa pili, kosa liko kwenye kitufe. Kama limebaki upande ule ule, koili au vikanyagio vya upande huo vimekufa, na njia ya kweli ni kubadilisha solenoidi. Ukinunua nyingine, kwanza hesabu bolti nene za mota. Mota yenye bolti mbili hugeuzwa kwa kupindua chanya na hasi. Yenye bolti tatu ina hasi moja na chanya mbili, moja kwa kila upande. Solenoidi zake hazifanani, na ukiikosea, haitafanya kazi.

Ikiwa winchi imeendelea kuzunguka baada ya kuachia kitufe, kimbilia breka. Usijaribu kuushika mnyororo. Vikanyagio vimeganda, au kitufe kina maji. Gonga kisanduku cha solenoidi kidogo kwa mpini wa bisibisi. Vikiachia, umepata muda wa kufika bandarini tu. Vitaganda tena. Kila aliye ndani ya boti, hata mgeni wa siku moja, aonyeshwe breka ya winchi iko wapi kabla ya nanga ya kwanza kushushwa.

Hatua ya 7: Mota inazunguka, mnyororo umesimama

Kaza klachi kwanza. Ikiendelea kuteleza, fungua koni, futa grisi iliyozidi, acha utando mwembamba tu. Angalia kile kipande cha chuma kinachofunga gurudumu kwenye ekseli; kikikatika, ekseli inazunguka peke yake.

Mnyororo ukiwa unaruka kwenye gurudumu kwa mlio wa "ka-ka-ka", tazama vipimo. Wengi hupigwa na mnyororo wa milimita 10, kwa sababu uko wa viwango viwili: wa DIN 766 pete yake ina urefu wa ndani wa milimita 28, wa ISO 4565 una milimita 30. Kwa macho vinafanana kabisa. Mnyororo wa 30 kwenye gurudumu la 28 utaruka kila mzigo unapoongezeka, na kila ukiruka unakula meno. Milimita 8 haina shida hii, zote mbili ni 24. Pima pete kumi kwa pamoja kabla ya kununua.

Na mara nyingi sana kosa ni rundo. Mnyororo unapoingia chumbani hujijenga kama kichuguu mpaka unagusa tundu la juu, kisha unarudi kubana gurudumu. Acha angalau sentimita 30 kati ya kilele cha rundo na sitaha. Mtu mmoja alipige chini kwa fimbo wakati winchi imesimama, kamwe si wakati inazunguka.

Hatua ya 8: Mota

Umefika hapa ikiwa volti 11 zinafika kwenye bolti za mota, solenoidi inafunga, na mota haigeuki. Jaribio la mwisho kabla ya kuifungua: nyaya nene za kuazimia moto kutoka betri iliyojaa, moja kwa moja kwenye bolti za mota, klachi ikiwa imelegezwa. Ikizunguka kwa nguvu, rudi hatua ya 4, kuna kitu umekiruka.

Isipozunguka, gonga gamba lake taratibu kwa mpini wa mbao huku mwenzako amebonyeza. Ikishtuka na kuanza, brashi za kaboni zimekwama au zimekwisha. Usigonge kwa nguvu, kwa sababu mota zenye sumaku za kudumu zina sumaku zilizogandishwa kwa gundi, na kutu ikishaingia nyuma yake zinabanduka.

Ukiifungua, weka alama kwenye gamba na kwenye vifuniko ili virudi vilivyokuwa. Brashi zitembee huru kwenye nyumba zake, na springi zisukume. Safisha ile silinda ya shaba zinakokanyaga kwa msasa laini wa namba 400. Usitumie msasa mweusi wa chuma wala pamba ya chuma. Chembe zake hupitisha umeme na hubaki kwenye nafasi kati ya vipande vya shaba. Kagua gamba: mota inayoning'inia ndani ya chumba cha mnyororo huoza upande unaotazama maji, na rangi hufunika matundu. Mafuta ya gia yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia kupitia sili, na sili ndiyo ya kubadilisha kwanza.

Nanga iko chini na leo hakuna winchi

Hali hii itakukuta wakati upepo unageuka na huna saa nne za kupima. Winchi nyingi zina mkono wa kuvutia; ujue uko wapi. Kama hakuna, funga ndoano ya mnyororo kwenye kamba ndefu, ipeleke nyuma hadi kwenye winchi ya matanga, vuta urefu wa sitaha, funga mnyororo kwa muda kwenye nguzo, rudisha ndoano mbele, vuta tena. Ni kazi ya jasho, inawezekana. Mtu wa usukani asogeze boti mbele kwa injini polepole ili mnyororo uning'inie wima, usivutwe ukiwa umetanuka.

Huku kwetu maji yanakusaidia ukiyajua. Wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Nanga iliyong'ang'ania, kaza mnyororo maji yakiwa yamepwa, ufunge kwenye nguzo na si kwenye winchi, uache maji yanayojaa yainue omo. Simama hapo hapo ukitazama. Ukiona omo inazama bila nanga kuachia, legeza.

Na kama ni lazima uondoke upesi, fungua mnyororo wote uende, ukiwa umefunga boya mwisho wake, urudi kuuchukua kesho. Kwa hilo, mwisho wa mnyororo ndani ya boti ufungwe kwa kamba inayofika juu ya sitaha, si kwa shakeli iliyoshikwa na kutu. Kamba inakatwa kwa kisu.

Ukimaliza kutengeneza, rudia kipimo cha hatua ya 4 na uandike kwenye daftari la boti: tarehe, volti za betri kazini, zilizopotea chanya, zilizopotea hasi, volti za mota, ampea kama una mita ya koleo, na kina cha maji. Pima tena kabla ya kila Kusi. Namba ya upande wa hasi ikiwa imetoka 0.4 hadi 0.8, toa godoro, fungua kabati, anza kutafuta ungio.